Mama Hajambo, Bahari Shwari

Jumapili, 13 Julai

Leo tumefunga boti. Mume wangu amezima injini, akapangusa mikono kwenye suruali niliyoifua jana, akasema, "Haya, hapa ndipo nyumbani mpaka Novemba." Ghuba yenyewe ni kama chupa: mdomo mwembamba, tumbo pana, na kwa nyuma mkono wa mto unaopotelea kwenye mikoko. Boti kumi na mbili za tanga zimejificha humu, zote ngeni, zote zinasubiri msimu wa tufani upite. Yetu ni ndogo kuliko zote isipokuwa moja. Mita kumi, chumba kimoja, jiko la mafuta ya taa, na kitanda ambacho mmoja akigeuka na mwenzake hana budi kugeuka.

Nimeamua kuandika mwaka huu kwa sababu mwaka juzi sikuandika, na sasa mimi na mume wangu tunabishana hata siku ipi ilikuwa ipi.

Mtandao unashika mahali pamoja tu: mwisho wa gati, kando ya bomba la maji, tena usimame upande wa kushoto. Saa tisa alasiri nilikuwa hapo nikampigia mama, kama kila Jumapili.

"Mmefika salama?"

"Tumefika, mama."

"Na bahari?"

"Shwari kabisa."

Juzi mawimbi yalitupiga mpaka tukavunjikiwa sahani tatu, nami nikatapika nyongo. Lakini mama ana presha. Miaka mitano ya maisha haya sijawahi kumpa jibu jingine.

"Basi sikia habari za huku," akasema. "Fundi seremala jirani amehama!" Akapiga kigelegele, nikaondoa simu sikioni. "Msumeno wake kaondoka nao. Miaka sita, mwanangu, nikijinyoosha mchana naota ninapasuliwa mbao. Jana wamepakia mashine kwenye lori. Nikawapelekea chai kwa furaha, wao wakadhani nawalilia."

Kisha dada akachukua simu. Dada yangu mkubwa ni mwalimu, anaishi na mama tangu baba atutoke. Yeye hufunga kila simu kwa maneno yaleyale, kama anayefunga rejista ya darasa: "Mama hajambo, nyumba haijambo, wewe angalia mambo yako huko."

Jumatatu, 14 Julai

Mvua. Nimefua. Hakuna kilichokauka.

Alhamisi, 17 Julai

Nimepata kazi kwa fundi wa matanga. Banda lake liko nyuma ya pipa la dizeli, na macho yake hayaoni tena tundu la sindano. Kabla sijaolewa nilikuwa nashona sare za shule, na tanga si chochote ila sare ya jitu: mshono ni uleule, mabega ndiyo yanayolipa.

Nimewajua majirani. Boti ile iliyo ndogo kuliko yetu ni ya mama mmoja wa miaka sabini hivi, anaishi peke yake. Wote wanamwita Bi Redio. Saa moja na nusu kila asubuhi anashika redio ya mawasiliano na kuita boti moja baada ya nyingine. Kila boti inaitika "Nipo." Kisha anasoma hali ya hewa kwa sauti ya karani wa mahakama anayesoma majina ya washtakiwa. Ukichelewa kuitika anakuita mara tatu, ghuba nzima ikajua umelala. Haendi kwa mtu, hapokei mtu. Hata maji huchota alfajiri kabla wengine hawajaamka.

"Huyu ni mnyapara," nikamwambia mume wangu.

"Anahesabu vifaranga wake tu. Itika uishi kwa amani."

Jumapili, 20 Julai

Mama ameuliza tena choo cha kwenye boti kinafanyaje kazi. Nimemweleza tena. Amecheka mpaka akakohoa, halafu akasema alinirekodia hotuba nzima kwenye simu Jumanne, nusu saa, sijui imekwenda wapi. "Umebonyeza cha kutuma?" nikamuuliza. "Kwani kinatumwa? Nilidhani ukishasema imefika." Dada anasema simu ya mama imejaa hotuba ambazo hazikuwahi kutoka mlangoni.

Jumapili, 27 Julai

Mama ameongea kidogo, kichwa kinamuuma. Bahari ameuliza. Shwari, nikasema. Kwa kweli leo ilikuwa shwari, nikaona ajabu kusema kweli.

Jumatano, 30 Julai

Mume wangu ameshuka gatini mara mbili na simu. Nilipomuuliza, akasema anatafuta kipuri cha pampu.

Jumapili, 3 Agosti

Mama amelala, anasema dada. Saa hizi? Amechoka, alikuwa na wageni. "Mwamshe basi, dakika moja." "Mwache mzazi apumzike, jamani. Mama hajambo, nyumba haijambo." Simu ikakatika. Mtandao, nadhani.

Jumanne, 5 Agosti

Bi Redio: tufani ya kwanza imepita mbali, upande wa kaskazini. "Ya kwanza huwa inapima njia," akasema, akazima.

Jumapili, 10 Agosti

Mama ametoka, yuko kwa jirani. Jioni dada akaleta ujumbe wa sauti kutoka kwa mama: dakika nne juu ya paka wa jirani anayefungua sufuria kwa mkono "kama mtu aliyesoma". Nikacheka peke yangu pale bombani. Nimeusikiliza mara mbili. Ila hajaniuliza habari za bahari.

Jumatano, 13 Agosti

Nimeshona tanga la wale wenye mbwa wawili, mke na mume wa boti nyeupe. Limechanika pembe hadi pembe. Walinieleza jinsi dhoruba ilivyolichana, nami nikaona nisimtishe mume wangu kwa kumweleza.

Mume wangu hali vizuri. Namkuta ananitazama. Nikimwangalia, anageukia kamba.

Jumapili, 17 Agosti

Mama yuko bafuni. Ujumbe wa sauti tena: ametafuta miwani saa nzima, kumbe ameivaa. Nimemwambia mume wangu, hakucheka. Yeye aliyekuwa anamwita mama "mkwe wangu mchekeshaji" amesema tu "Mm," akaenda kuzungusha winchi ya kamba za tanga ambayo haikuwa na haja ya kuzungushwa.

Kuna mtu, nikafikiri. Hapa gatini. Mwanamume anayeshuka na simu mara mbili kwa siku ana mtu. Nimeona aibu kuandika hivyo lakini nimeandika.

Ijumaa, 22 Agosti

Joto. Hakuna upepo hata wa kutikisa uzi. Bi Redio anasema maji yamepata moto na hilo si jambo zuri.

Jumapili, 24 Agosti

Nitaandika polepole ili nisije nikajidanganya.

Dada hakupokea simu. Saa kumi akatuma ujumbe wa sauti wa mama. Upepo bombani ulikuwa mkali, sikusikia vizuri, nikaenda nao banda la matanga. Fundi hakuwepo. Nikafunga mlango, nikaketi sakafuni juu ya turubai na kuweka simu sikioni.

Mama anasema: "Jumapili njema, mwanangu. Leo nimeota wewe ni mdogo, unashona gauni la mwanasesere kwa pazia langu jipya." Anacheka. Anavuta pumzi. Na hapo anapovuta pumzi, nyuma yake, ng'ambo ya ukuta, nikasikia sauti ndefu inayopanda na kushuka.

Msumeno.

Nikarudisha nyuma. Nikasikiliza tena. Tena. Mara ya tano sikuwa namsikiliza mama hata kidogo, nilikuwa nasikiliza mbao zikipasuliwa na seremala aliyehama mwezi wa saba.

Nikamwandikia dada: "Seremala amerudi?"

Jibu likaja upesi mno. "Hapana. Kwani vipi?"

Nilikunja turubai, nikalikunjua, nikalikunja tena. Nilikuwa nashikilia mkononi sauti ya mama yangu ambayo haikuwa ya leo, wala ya jana, na sikujua mwenyewe yuko wapi.

Jumatatu, 25 Agosti

Nimempigia kitinda mimba wetu. Anaendesha lori la maji, na tangu utotoni mdomo wake hauna komeo. Nilijua nikimuuliza atakana, kwa hiyo sikuuliza.

"Mdogo wangu, nimeshajua kuhusu mama," nikasema. "Nataka tu kujua leo ameamkaje."

Nikasikia injini ya lori ikizimwa.

"Dada amekuambia?" Sauti yake ikapasuka kama ya mtoto. "Ahsante Mungu, maana mimi nimechoka kukaa nalo. Ameamka vilevile. Anakunywa uji kwa kijiko. Mkono wa kulia hausogei. Kusema bado."

Nikashika bomba la maji. Lilikuwa la moto kwa jua, sikuliachia.

Kiharusi. Tarehe ishirini na tisa Julai, asubuhi. Karibu mwezi mzima sasa mama yangu hajatamka neno, na dada amekuwa akichimba hotuba za zamani kwenye simu yake na kunitumia moja kila Jumapili.

"Shemeji hakukwambia mapema?" akauliza.

"Shemeji yupi?"

Akajua ameharibu.

Mume wangu alikuwa ameinama kwenye injini niliporudi. Nikasimama mlangoni.

"Ulijua."

Akaweka spana chini taratibu, kana kwamba ni yai. "Dada yako alinipigia siku ya pili."

"Siku ishirini na sita umelala ubavuni mwangu."

"Aliniapisha. Na si yeye tu. Mama mwenyewe alishaagiza, zamani. Wewe unajua kwa nini."

Ninajua. Niandike na hilo, maana ndilo tusilolisema. Baba alipofariki mwaka juzi, habari ilitukuta kwenye bandari nyingine, msimu kama huu. Mkuu wa bandari alikuwa amekataza boti kutoka. Mimi nikapiga kelele, nikalia, nikamwambia mume wangu kama ni baba yake angekuwa ameshaondoka. Tukaondoka. Siku ya pili boriti ya tanga ilimpiga begani, mfupa ukavunjika mara mbili, tukaelea siku tatu bila mawasiliano. Nyumbani walimzika baba, kisha wakaanza kutuombolezea na sisi. Tulipofika nchi kavu nikapiga simu, na mama hakulia. Akasema: "Sitaki tena mtoto wangu aitwe na msiba akiwa majini. Hata msiba wenyewe ukiwa wangu. Ngojeni tufani ziishe ndipo mumwambie."

Mpaka leo mume wangu hawezi kuinua mkono wa kushoto kupita sikio.

"Nilidhani una mwanamke," nikamwambia.

Akanitazama, mafuta usoni, akaketi juu ya ndoo. "Afadhali ningekuwa naye," akasema. "Ningelala usingizi."

Nilitaka kumchukia mtu. Kila niliyemtafuta nikamkuta ana sababu.

Jumatano, 27 Agosti

Fundi wa matanga amenipeleka kwa binamu yake mwenye mtandao wa ofisini, nikamwona mama kwa video.

Wamemkalisha kwenye kiti chake, mito pande zote. Nusu ya uso wake ni mama. Nusu nyingine imeshuka kama pazia lililong'oka ndoano. Dada alishika simu, sikumwona, nilisikia pumzi zake tu.

"Mama, ni mimi."

Jicho la kushoto likanitafuta likanipata. Akatoa sauti, "Mmh."

Na mimi, baada ya yote, na kichwa kizima nilichokuwa nacho, nikasema, "Bahari shwari, mama."

Akainua mkono wa kushoto, akaupunga mbele ya uso wake kama anayefukuza nzi kwenye chai. Sisi watoto wake watatu tunaijua ishara ile. Ndiyo aliyotufanyia utotoni tukisema tumeshaoga na bado.

"Anasema unamdanganya," dada akasema, akaanza kucheka, na kicheko kikageuka kuwa kilio hapohapo, simu ikatikisika, nikaona dari, nikaona mlango, nikaona tena mkono wa mama.

Baadaye dada akatoka uani kuniambia alichosema daktari: kiharusi cha kwanza kimepita, cha pili kikija hakitabisha hodi.

Nakwenda. Paspoti zetu ziko ofisi ya uhamiaji kwa kuongezwa muda, zitatoka Jumatatu. Kivuko cha kwenda bara, kwenye uwanja wa ndege, kinaondoka Jumatano na Jumamosi. Nitapanda cha Jumatano.

Jumatatu, 1 Septemba

Paspoti tayari. Begi dogo. Mume wangu atabaki na boti, kwa mkono mmoja na nusu.

Jumanne, 2 Septemba

Saa moja na nusu asubuhi. Bi Redio aliita majina yote, wote tukaitika, kisha hakusoma mara moja. Tukasikia karatasi.

"Iko moja," akasema, "na hii haipimi njia. Ijumaa asubuhi. Yeyote anayefikiria kutoka kabla haijafika, ajue mlango wa bahari unafungwa leo jioni. Akitoka, kesho sitamwita. Sina mazoea ya kuita maiti."

Mchana kivuko kikatangaza: hakuna safari mpaka hapo litakapotoka tangazo jingine.

Nikampata mume wangu sitahani. Sikupiga kelele safari hii. Nikasema kwa upole, na naona sasa upole ulikuwa mbaya zaidi: "Ni maili ishirini tu. Tukiondoka sasa tunafika bara kabla ya giza. Siku mbili kabla ya tufani."

Akatazama mdomo wa ghuba muda mrefu. Nje, maji yalikuwa yanavimba bila upepo, kama kifua cha mtu aliyelala.

"Sawa," akasema.

Akaenda mbele kufungua tanga. Akanyoosha mkono wa kushoto kushika kamba ya juu, ukafika sikioni ukakwama. Akabadilisha, akatumia wa kulia. Kamba ya pili, vilevile. Hakugeuka kuona kama namtazama. Alikuwa anafanya kazi kama mtu anayetandika kitanda cha mgonjwa. Nikaelewa kwamba atanipeleka. Nikimwambia twende, ataniingiza kwenye kile kinachokuja, na hatanilaumu hata siku moja, maana huenda hatutakuwa na siku ya kulaumiana.

"Acha," nikasema.

"Nimeshafungua mbili."

"Zifunge. Hatwendi."

Akasimama na kamba mkononi. "Ukimkosa mama yako, utanitazama mimi kila asubuhi."

"Nitakutazama," nikasema. "Ndiyo ninachotaka."

Nikaingia ndani, nikatoa nguo kwenye begi moja moja. Ilikuwa kama kumvua maiti.

Alhamisi, 4 Septemba

Tumeingia mtoni, kati ya mikoko, na wengine. Kamba nane kwenye mizizi, nanga mbili. Nimevua matanga yote ya boti zote, mimi na fundi, mpaka vidole havikunjiki. Hakuna ndege hata mmoja. Nimempigia dada kabla mnara wa simu haujaanza kusumbua.

"Shwari?" akauliza.

"Shwari," nikajibu.

"Mama hajambo," akasema.

Tukakata simu, sisi waongo wawili.

Jumamosi, 6 Septemba

Tuko hai. Nimeandika hilo kwanza.

Ilianza Ijumaa baada ya kupambazuka. Anga ilikuwa ya manjano, kisha haikuwepo. Mvua haikuanguka, ilikuja ubavuni, na kwenye mbao za boti ilisikika kama kokoto zinazomwagwa na lori. Mlingoti uliimba. Sina neno jingine: sauti moja nyembamba, ikapanda kila upepo ulipopanda, mpaka meno yangu yakauma. Maji yakaanza kujaa chini ya sakafu. Mume wangu akapampu, nami nikateka kwa ndoo.

Kila saa redio ikakoroma. Bi Redio. Katikati ya yote hayo, sauti ileile ya karani, akaita boti moja moja. "Nipo." "Nipo." Niliyemwita mnyapara, nilimsubiri kama mgonjwa anavyosubiri hatua za muuguzi barazani. Saa nne aliita boti ya daktari wa meno, mstaafu mmoja mpole anayeotesha maua kwenye makopo. Akaita mara ya pili. Mara ya tatu. Akasubiri kidogo, kisha akaita inayofuata.

Saa tano boti nyeupe ya wale wenye mbwa wawili ilikata kamba. Tuliiona ikija, kubwa, ubavu mbele, bila haraka. Mume wangu akapanda juu na mpira wa kukinga. "Rudi!" nikapiga kelele. Ikatugonga. Mlingoti ukainama, ukafikiri kidogo, ukaanguka. Sikusikia kishindo, upepo ulikula sauti zote. Nilipomfikia alikuwa amelala chini ya nyaya, ameshika ubavu, anajaribu kuniambia kitu.

"Nini? Nini?"

"Sema tupo," akasema. "Anaita."

Kweli, redio ilikuwa inatuita. Mara ya tatu. Nikaruka ndani, maji magotini, nikashika kitufe. "Tupo," nikasema. "Tupo, tupo, tupo."

"Mara moja inatosha," akajibu Bi Redio. Lakini sauti yake ilitetemeka, nilisikia.

Jumapili, 7 Septemba

Ni Jumapili na hakuna simu. Mnara umelala chini mlimani kama mzoga wa twiga. Nyumbani wameona habari za tufani, hiyo nina hakika. Mama anatazama taarifa ya habari kuliko mtu yeyote, na sasa hawezi hata kuuliza.

Mume wangu ana mbavu mbili zilizovunjika, anasema mhudumu wa zahanati. Daktari wa meno amepatikana. Alikuwa shuleni walikokusanywa waliookolewa, ameketi kwenye dawati la mtoto, mkono umefungwa, anaomba radhi kwamba redio yake ilizama.

Mchana Bi Redio akaniita kwa jina la boti yetu. "Njoo hapa. Wewe peke yako."

Sikuwahi kuingia kwake. Ni pasafi, pakavu, na nusu ya chumba imechukuliwa na redio kubwa, si hii ya ghubani, ile inayofika mbali. Waya wake ameufunga kwenye mti baada ya tufani, kwa mikono yake.

"Nampata mtu mmoja," akasema. "Yeye anampata mwingine. Huyo mwingine, Mungu akipenda, yuko nchi yenu na ana simu. Maneno ishirini. Andika, pamoja na namba ya dada yako."

"Umejuaje nina shida nyumbani?"

"Nachota maji alfajiri. Mume wako alikuwa analia kwenye bomba lile mwezi wa nane wote."

Nikashika kalamu. Nikaandika "Tuko salama," nikakata. Niliwaza mkono ule unaofukuza nzi. Nikaandika: *Tuko hai. Mlingoti umevunjika. Mume ameumia mbavu, atapona. Si shwari. Mwambieni mama nakuja.*

Bi Redio akasoma, akahesabu kwa kidole. "Kumi na tatu. Unayo mengine saba."

"Basi," nikasema.

Alipokuwa anavaa vifaa vya masikioni nikamuuliza kama ana watoto. "Wawili. Hawanipigii," akasema. "Toka sasa, nahitaji kimya."

Jumatatu, 8 Septemba

Ujumbe umepokelewa upande wa pili. Zaidi ya hapo hajui. Nimelaumu kalamu yangu siku nzima. Mgonjwa wa presha, mwenye kiharusi, na mimi nimemwandikia si shwari.

Jumanne, 9 Septemba

Asubuhi Bi Redio aliita majina kama kawaida. Hali ya hewa: njema. Hakuna zaidi.

Saa tano nilikuwa nashona kipande cha turubai sitahani nikaona kiboti cha makasia kikitoka kwake. Kikaja taratibu, moja kwa moja kwetu. Hajawahi kuja kwa mtu. Alikuwa amevaa viatu, na nywele amezifunga kitambaa cheupe.

Nikaweka sindano chini. Nikamwita mume wangu, akatoka ameshika ubavu, akaona alichoona, akanishika bega.

Bi Redio akafunga kamba yake kwetu, akaivuta mara mbili kuona kama imeshika. Akabaki amesimama kwenye kiboti, karatasi mkononi.

"Si jambo la kusema hewani," akasema.

"Soma," nikamwambia. "Soma kama unavyosoma siku zote."

Akaisoma kwa sauti ya karani: Mama alipata ujumbe wako jana saa nne asubuhi. Amefariki jana saa kumi na moja jioni. Mazishi kesho. Usitoke baharini. Dada.

Akaikunja karatasi, akanipa. Kisha mwanamke yule asiyeingia kwa mtu akapanda kwenye boti yetu iliyovunjika, akaketi karibu nami, hakusema neno mpaka jua likahamia upande wa pili.

Alhamisi, 11 Septemba

Kivuko kinaanza tena Jumamosi. Fundi amenirudishia sindano zangu zimefungwa kwenye kitambaa. Silali.

Ijumaa, 12 Septemba

Simu zimerudi leo mchana. Nilikuwa wa kwanza bombani, nyuma yangu foleni ya ghuba nzima. Dada akapokea kabla haijaita.

Hatukuamkiana. Tukalia kwanza, kila mmoja upande wake, na watu waliokuwa nyuma yangu wakasogea mbali bila kuambiwa.

"Ni mimi nimemuua?" nikauliza. Ndilo lililonikaa kooni siku tatu. "Ni ule ujumbe?"

"Nyamaza, sikiliza," akasema dada, kwa sauti ya darasani. "Yule mtu wa redio alinipigia, nikaandika neno kwa neno. Nikaenda kumsomea mama. Nikafika kwenye *si shwari*, nikataka kuruka. Alikuwa amenishika mkono kwa ule wake mzima. Akanifinya. Alijua nimeruka kitu. Nikarudi nyuma, nikasoma chote."

"Akafanyaje?"

"Akanifinya tena. Nisome tena. Nikasoma mara tatu. Mara ya tatu akaniachia mkono, akalala, na usoni alikuwa kama mtu aliyetua mzigo. Hakuamka. Siwezi kukuambia ni kitu gani. Nakuambia nilichokiona."

Nyuma yake nilisikia viti vikikusanywa, vyombo vikioshwa, watu wa msibani.

"Nakuja kesho," nikasema.

"Njoo. Nilikudanganya wiki nne. Nilikuwa namlisha, namgeuza, namwosha, halafu naingia chumbani kukuchagulia sauti yake ya kukutumia. Nazisikiliza zote ndipo nachagua. Sina mtu niliyemwambia."

"Niambie mimi."

"Ni ndefu. Una watu nyuma yako."

Nikageuka. Wale wenye mbwa wawili walikuwa wameketi kwenye ukingo wa gati, miguu majini. Bi Redio alikuwa na ndoo yake, mchana kweupe, hajaijaza. Akanipungia mkono: endelea.

Nikaketi chini kwenye maji ya bomba, nikaegemea nguzo. "Anza mwanzo," nikasema. "Usiruke kitu."

Dada akapenga kamasi, akavuta kiti, nikasikia mlango ukifungwa kwake. Kisha akaanza na asubuhi ya tarehe ishirini na tisa Julai, mama yuko uani, anaanika shuka.